Halloween, Toussaint na watoto wetu: nani atawafundisha habari ya wafu?



Mwaka jana, zilipobaki siku kumi mwezi wa kumi uishe, binti yangu alirudi toka masomo na karatasi mkononi. Ana miaka tisa. Karatasi ilikuwa ya kifaransa, imepigwa mashine vizuri: tarehe 31 oktoba watoto wote watafanya Halloween, kila mmoja aje na kostime na maski, na wazazi watume franka kidogo juu ya bonboni.

Mtoto alikuwa na furaha sana. "Papa, miye nitakuwa sorsiere," alisema. Nikamuuliza: "Sorsiere ni nini?" Akajibu bila kuwaza: "Ni ule mwanamke wa mu filme, anavaa kofia ya murefu na anapanda ufagio."

Mama yangu alikuwa anachambua maharagi pale mlangoni. Yeye hasikii kifaransa. Akauliza: "Anasema atakuwa nani?" Nilimwambia kwa kiswahili: mchawi. Mama aliweka kisahani chini. "Mutoto wa hii nyumba hatajiita mchawi. Hata kwa mchezo. Hapana."

Mtoto alianza kulia. Yeye alikuwa anazungumza juu ya kofia. Bibi yake alikuwa anazungumza juu ya kitu kingine kabisa. Mimi nilisimama katikati yao wawili na sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimeuliza wazazi wengi, ku Kataki, ku Lubuye, sokoni, na katika mikutano yetu ya sendika, na leo ninataka kuwaandikia kile nilichosikia na kile tulichofanya.

Kila mtu na neno lake

Jirani yangu, shemasi wa kanisa moja la uamsho, hakutaka hata kusikia. "Shetani haingiake na mapembe," aliniambia. "Anaingiaka na bonboni." Kwake yeye, mtoto akivaa maski ya shetani leo, kesho atamzoea, na mtu anayezoea kitu hakiogopi tena.

Mama mmoja anayeuza ndakala sokoni alisema maneno tofauti: "Miye nalipa minervali na jasho yangu. Bote bakivaa, mutoto wangu peke yake abakie inje anabaangalia? Bataseka yeye mwaka muzima." Na neno lake lina uzito. Mtoto wa mchimbaji akiingia katika masomo ya watoto wa wakubwa, tayari wanamwangalia viatu. Hatutaki tena wamwangalie kama mtoto wa washamba.

Mwalimu mmoja alinieleza kwa upole kwamba ni mchezo wa kufundisha lugha. Watoto wanajifunza majina ya nguo na ya rangi, wanaimba, wanakula, wanarudi nyumbani. Hakuna anayeabudu kitu.

Na rafiki yangu mmoja, aliyetoka Kisengo kuchimba koltani, alicheka kicheko kisichokuwa cha furaha. "Siye tunazikaka batu kila mvua," alisema. "Na bao banatuletea mifupa ya plastiki."

Halloween inatoka wapi

Wengi wanakataa hii siku, na wengine wanaikubali, bila kujua ni nini. Jina lake lenyewe linatoka kanisani. Kwa kiingereza cha zamani maana yake ni mkesha wa Watakatifu, ni kusema usiku wa tarehe 31 oktoba, mbele ya Toussaint. Katika karne ya 9, wakati wa Baba Mtakatifu Gregori wa 4, sikukuu ya Watakatifu Wote ilienezwa kwa tarehe 1 novemba. Kuelekea mwaka 1000, abate Odilo wa Cluny, kule Ufaransa, aliwaagiza watawa wake waombee marehemu wote tarehe 2 novemba, na desturi ile ikaenea katika kanisa zima la Magharibi.

Upande mwingine, watu wa Ireland, tangu mbele ya ukristo, walikuwa na sikukuu yao iliyoitwa Samhain. Mavuno yameisha, baridi na giza vinaanza, na waliamini kwamba usiku ule wafu wanatembea karibu na walio hai. Mambo hayo mawili yalichanganyikana. Katika karne ya 19 Waireland wengi walikimbia njaa na kwenda Marekani, wakabeba usiku wao pamoja nao. Kwao walikuwa wanachonga sura ya kutisha ndani ya mzizi mkubwa unaofanana na figili. Marekani wakakuta boga, ambalo ni kubwa na rahisi kuchonga. Kiisha wafanyabiashara wakaingia na kostime, maski, bonboni na filme. Leo mambo hayo yanatufikia ndani ya telefone.

Na ndugu zetu Waprotestanti wana tarehe hiyohiyo kwa sababu nyingine. Ilikuwa tarehe 31 oktoba 1517 ndipo Martin Luther alipotoa maneno yake 95 kule Wittenberg, Ujerumani. Kanisa nyingi za kiprotestanti duniani zinakumbuka siku hiyo kama siku ya Matengenezo.

Kwa hiyo mzazi mkristo akisema "hiyo tarehe ni ya shetani", anakosea. Tarehe ni yetu. Swali ni kile tunachoweka ndani yake.

Kwetu mchawi si kofia

Sasa nirudi kwa mama yangu na maharagi yake. Nilipowaza vizuri, niliona kwamba yeye ndiye alikuwa na haki kuliko sisi wote, lakini sababu yake haikuwa ile ya shemasi.

Kule Marekani mtoto akivaa kama mchawi, jirani anacheka na kumpa bonboni. Hakuna mtu katika ile barabara anayeamini kwamba mtoto huyo ameua mtu. Kwetu mambo si hivyo. Kwetu mtoto anayekojoa kitandani, mtoto anayeota ndoto mbaya na kupiga kelele usiku, mtoto yatima aliyeletwa kwa mjomba, mtoto mwenye kifafa au mwenye akili nyingi kuliko umri wake, anaweza kusikia siku moja: "Wewe ni mchawi." Na akiisha kusikia neno hilo, chakula chake kinapunguka. Anapigwa. Anapelekwa kwa maombi ya ukombozi, anafungishwa njaa siku nyingi. Mwisho analala sokoni.

Sisemi habari ya kusikia tu. Shirika Human Rights Watch walitoa ripoti mwaka 2006 juu ya watoto wa barabarani katika miji yetu, Lubumbashi na Kinshasa na mingine, na walionyesha namna watoto wanavyofukuzwa na watu wa damu yao juu ya neno hilo. Mwaka 2010 Unicef nao waliandika juu ya jambo hilohilo katika Afrika. Na nchi yetu yenyewe inalijua. Katiba ya tarehe 18 februari 2006, kifungu 41, inakataza kusingizia mtoto uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 januari 2009, ile ya kulinda mtoto, kifungu 160, inasema anayemsingizia mtoto uchawi afungwe mwaka 1 mpaka 3. Nchi haiandiki sheria ya namna hiyo juu ya kitu ambacho hakiko.

Ndiyo maana maski ya mchawi juu ya uso wa mtoto wa Kalemie si sawasawa na maski ileile juu ya uso wa mtoto wa Chicago. Mtoto anarudi na masomo jioni, amepaka uso rangi nyeusi na nyekundu, anapita mbele ya nyumba ambamo kuna mgonjwa. Anasema kwa kucheza: "Miye ni sorsiere, nitakukula!" Kesho yake mgonjwa anakufa. Nani atakumbuka kwamba ilikuwa mchezo wa masomo?

Shimo halina mchawi

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sisi wa migodi. Kule Ulaya, mwisho wa oktoba majani yanaanguka. Kwetu ni kinyume: mvua inaanza, watu wanashika jembe na kupanda. Na mvua ikianza, udongo unalowa, maji yanaingia ndani ya mashimo, miti inayoshikilia kuta inalegea. Kila mchimbaji anajua hofu ya miezi hii. Haihitaji maski.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mgodi mmoja wa mkoa wetu, shimo lilianguka baada ya mvua ya usiku. Wandugu watatu walibaki ndani. Mimi nilikuwa delege wa sendika, nilikwenda kwa mazishi. Mmoja wa marehemu aliacha kijana wa miaka minane, ambaye mama yake alikuwa amekufa zamani. Siku ya tatu ya kilio, nilisikia wanawake wananong'ona: usiku ule kabla baba hajakwenda kazini, mtoto aliota akalia, akasema "papa usiende". Sasa wanasema ni yeye aliyemla baba yake.

Nilikwenda kuuliza wachimbaji wenzake. Waliniambia kwamba walikuwa wameomba miti mipya juu ya lile shimo, mara mbili. PDG wa shimo aliwajibu wangoje mauzo ya mwisho wa wiki. Miti haikuja. Mvua ilikuja.

Waone hesabu hiyo, wandugu. Mtu mzima hakuleta miti, na mtoto wa miaka minane ndiye anahukumiwa. Siku ile tuliongea mbele ya familia yote, mbele ya mkubwa wa kijiji na padri, tukasema jina la kitu kilichoua: miti mibovu, maji, na mtu aliyekataa kutumia pesa. Haikuwa rahisi. Babu mmoja alisimama na kusema sisi wa sendika tunamlinda mchawi. Lakini bibi wa mtoto, mama ya mama yake, alimshika mkono na kuondoka naye. Leo yule kijana anasoma.

Tangu siku ile nilielewa kwamba uchawi unamsaidia sana mkubwa asiyetaka kulipa. Shimo likianguka na familia ikatafuta mchawi, hakuna anayemtafuta aliyekataa miti. Kijana akifa na kifua kilichojaa vumbi na familia ikamshika shangazi, hakuna anayeuliza juu ya vumbi. Kwa hiyo ninapomfundisha mtoto wangu habari ya wafu, ninamfundisha pia habari ya kazi.

Wengine wanafanya nini

Kukataa peke yake hakutoshi. Mtoto ukimwambia "hapana" na hauweki kitu pale, ataenda kutafuta kitu kile kwa jirani.

Kule Paris, tangu mwaka 2002, Wakatoliki walianzisha kitu wanachoita Holywins: usiku wa 31 oktoba watoto wanavaa kama watakatifu badala ya mazimwi, wanaimba, wanapita kwa majirani. Sisi tunaweza kufanya vilevile bila kununua kitu, na watakatifu wetu hawako mbali.

Kuna Mwenyeheri Isidore Bakanja, kibarua kijana wa kampuni moja ya wazungu kule Équateur. Kapita mzungu aliamuru apigwe fimbo mpaka nyama ikatoka, juu ya skapulari aliyovaa shingoni. Alikufa tarehe 15 agosti 1909. Kuna Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa kule Isiro mwaka 1964. Kuna abe Albert Joubert, aliyezaliwa upande wa Moba, kwenye ziwa letu hili, na kuuawa Fizi tarehe 28 novemba 1964, siku ileile waliyouawa wamisionari watatu wa Baraka na Fizi. Wote wanne walitangazwa wenyeheri kule Uvira tarehe 18 agosti 2024. Na kuna Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, mfanyakazi wa serikali katika kazi ya kupima bidhaa. Alikataa pesa za kupitisha chakula kilichooza, wakamuua mwaka 2007. Aliwekwa katika hesabu ya wenyeheri kule Roma tarehe 15 juni 2025.

Angalieni vizuri: kibarua aliyepigwa na kapita, na mfanyakazi aliyekataa rushwa. Hawa ni watu wetu. Na tarehe 4 desemba kuna Mtakatifu Barbara, anayeheshimiwa kama mlinzi wa wachimbaji. Mtoto wa mchimbaji hana lazima ya kukopa kofia ya mchawi.

Wale ambao kanisa lao haliombei marehemu wala haliheshimu watakatifu, nao wana njia. Wanaweza kukumbuka Matengenezo, wanaweza kusimulia watoto maisha ya wazee wao waliomtumikia Mungu. Na sisi wote, bila kuuliza kanisa, tuna tarehe 1 agosti, sikukuu ya wazazi walio hai na waliokufa. Asubuhi tunasafisha makaburi, kiisha tunarudi kula na wazazi walio hai. Hiyo ni desturi ya Kongo nzima, na watoto wanaijua.

Sisi tulifanya nini

Nilikwenda masomoni pamoja na wazazi wengine wawili. Hatukwenda kwa hasira. Tulimwambia direktrisi: mchezo wa watoto hatuukatai, lakini tunaomba maski za uchawi na za shetani zisiweko, juu ya hatari wanayopata watoto mitaani, na kila mtoto achague mwenyewe mtu anayetaka kuwa. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema hakuwa amewaza jambo la mitaani. Alikubali.

Binti yangu alikwenda na kitambaa cheupe kichwani, kama Anuarite. Mtoto wa rafiki yangu alivaa kofia ya kazi ya baba yake, ikamfunika mpaka macho. Kuko watoto waliocheka, na wote walikula bonboni. Mama yangu alimkagua mjukuu wake toka kichwa mpaka miguu, akamwambia: "Sasa, hivi unaweza kwenda."

Tarehe 2 novemba tuliwapeleka watoto makaburini. Mvua ilikuwa imenyesha, majani yalikuwa yamefunika msalaba wa baba yangu, na jina lilikuwa karibu kufutika. Tulikuwa na jembe, na kikopo cha rangi nyeupe na brosi. Kila mtoto alikuwa na kazi yake. Nilimwambia binti yangu asome jina kwa sauti, kisha nikamweleza: "Babu yako alichimba bati kule Manono. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani, kazi ikafa pole pole, tukakuja huku. Alikohoa miaka sita. Alikufa na kifua, juu ya vumbi la mawe."

Akauliza: "Hawakumuroga?" Nilishtuka. Sikujua kama alikuwa amesikia zile hadithi za wakati wa kilio, walipotaka kumshika dada ya baba yangu, ambaye alizeeka peke yake juu ya hadithi hizo. Nikamjibu: "Hapana. Ni vumbi." Akachukua brosi akaendelea kupaka rangi. Baadaye aliniuliza kama na mimi ninakula vumbi kazini, na kama kuko kitu cha kuvaa mdomoni. Nilimwambia kiko, na kwamba tunakidai.

Mzazi ndugu yangu

Mwaka huu karatasi itakuja tena, au itakuja kwa telefone. Usimpige mtoto wako juu yake, na usiseme kwamba ana roho mbaya kwa sababu anapenda kuvaa. Mtoto kupenda kuvaa ni utoto. Kwenda kuongea na masomo, mkiwa wawili au watatu, kwa heshima. Kataa maski ya mchawi, na mweleze mtoto sababu ya kweli: kuna watoto wenzake wanaoteswa juu ya neno hilo, na neno hilo hatuchezi nalo. Ukisikia katika lupango wanamsingizia mtoto, usinyamaze: sheria iko upande wako.

Kisha mpeleke makaburini, tarehe 2 novemba au tarehe 1 agosti, namna kanisa lako linavyokubali. Mwonyeshe jina. Mwambie kazi aliyofanya marehemu na kitu kilichomuua, hata kama kitu hicho kina mtu nyuma yake. Mkipata muda, andikeni majina hayo katika kaye ya mtoto, na tarehe, na mgodi. Sisi katika sendika yetu tumeanza kaye kama hiyo, na kuna majina ambayo hakuna mtu mwingine anayeyakumbuka. Kama unalo jina, lete.